Kabla ya zamu usingizi hauji, baada ya zamu hauniachi

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi maabara katika hospitali. Kazi yangu hasa ni ya mchana. Ila kila baada ya wiki tatu au nne, mwenzetu akienda likizo au akiugua, napangiwa usiku. Mara nyingine ni usiku mmoja, mara nyingi ni miwili au mitatu mfululizo. Tunaingia saa 3 usiku na kukabidhi saa 1 asubuhi.

Wenzangu waliozoea usiku waliniambia nitazoea tu. Huu ni mwaka wa pili, Mama, na sijazoea. Siku ya zamu naamka saa 12 asubuhi kama kawaida, nawaandaa watoto, nafua, napika mapema ili nisiiache nyumba vibaya. Ikifika saa 1 jioni najitupa kitandani nipate japo dakika arobaini. Sipati hata lepe. Nageuka huku, nageuka kule, nahesabu dakika, mwisho naamka na hasira na kwenda kazini. Kazini nakunywa kahawa kikombe juu ya kikombe mpaka kunakucha. Nikirudi nyumbani nalala kwa muda wa saa mbili tu, halafu macho wazi. Na nikimaliza usiku wa mwisho ndiyo kabisa: nalala mpaka saa 11 jioni, kisha usiku ukiingia nyumba nzima inakoroma, mimi natazama dari.

Mwezi uliopita, usiku wa pili, saa 10 na kitu alfajiri, nilikuwa na tyubu mbili za damu mezani, za wagonjwa wawili tofauti. Nilibandika lebo za namba, nikaandika daftarini. Kuinua kichwa, naona namba ya kwenye tyubu haifanani na ya kwenye fomu. Lebo nilikuwa nimezibadilisha. Kilichoniokoa ni majina ambayo muuguzi alikuwa ameyaandika kwa mkono ubavuni mwa tyubu. Mama, sikumbuki kubandika zile lebo. Mkono wangu ulifanya kazi, mimi sikuwepo. Nililia chooni.

Mwenzangu mmoja amenipa vidonge vyake vya usingizi nivinywe mchana. Bado sijavinywa. Mume wangu ni mtu mwema, lakini akinikuta nimelala saa 6 mchana huuliza kama naumwa, na mama mkwe akipita huniamsha tumsalimie. Kurudi nyumbani naendesha mwenyewe, kama dakika arobaini. Nikisinzia nafungua dirisha na kuongeza redio. Na juzi nimesikia kwamba kazi ya usiku inaleta saratani.

Nifanye nini? Au mimi mwili wangu una kasoro?

*Mama Wawili wa Maabara*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ni ndefu, na gari umelipa sentensi mbili tu. Mimi nitaanzia hapo.

Hebu tuhesabu. Umeamka saa 12 asubuhi. Mchana hukulala, jioni usingizi ulikukataa, umekesha zamu nzima, na saa 1 na nusu asubuhi unawasha gari. Hapo umekaa macho saa 25 na nusu. Mwaka 1997, watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima watu waliokesha. Aliyekaa macho saa 17 alifanya vibaya sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Zilipofika saa 24, ilikuwa kama asilimia 0.10. Katika nchi nyingi kikomo cha dereva ni 0.05 au 0.08. Wewe usingekubali kupanda gari la mtu aliyelewa hivyo, tena ukiwa na watoto wanaokungoja nyumbani.

Na usingizi wa barabarani haubishi hodi. Ubongo hujizima sekunde tatu, nne, wakati mwingine macho yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde nne ni karibu mita 67 ambazo gari linajiendea lenyewe.

Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi. Asubuhi moja nikitoka zamu nilishtushwa na changarawe zikigonga chini ya gari, mlio mkavu kama mvua ya mawe juu ya bati. Magurudumu ya kushoto yalikuwa yameshatoka barabarani. Hatua chache mbele yangu mwanamke alikuwa anatembea, amemshika mtoto mkono. Walisimama wakanitazama. Dirisha langu lilikuwa wazi, redio iko juu kabisa. Kwa hiyo unaponiambia dirisha na redio, mwanangu, mimi nakujibu kwa uchungu: havizuii. Vinakudanganya tu kwamba umefanya jambo.

Siku za zamu ya usiku, gari libaki nyumbani. Panda gari la abiria, omba lifti kwa dereva aliyelala vizuri usiku huo, au mume akuchukue. Ikishindikana kabisa, ukishakabidhi zamu tafuta kitanda au kiti hapo hapo hospitalini, ulale dakika 20, unawe uso, ukae robo saa nyingine, ndipo uondoke. Utachelewa kufika. Chelewa.

Sasa tuje kwenye hiyo kasoro unayoidhani. Huna. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kifundo kidogo cha seli kinachouendesha mwili kwa mzunguko wa karibu saa 24. Hiyo ndiyo saa ya mwili, na mwanga ndio unaoirekebisha. Pamoja nayo kuna uchovu unaojikusanya ubongoni kadiri unavyokaa macho. Kemikali mojawapo inayohusika inaitwa adenosini. Kawaida viwili hivi vinasaidiana: uchovu unapozidi jioni, saa ya mwili huongeza nguvu ya kukuweka macho, na nguvu hiyo huwa kubwa kuliko wakati wowote katika saa chache kabla ya muda wako wa kawaida wa kulala. Wewe ndipo hapo hapo unapojitupa kitandani. Unagombana na mlango uliofungwa kutoka ndani. Ungekuja saa 8 mchana ungeukuta wazi, kwa sababu mchana kuanzia kama saa 7 hadi saa 10 mwili hulegea wenyewe, hata kwa mtu aliyelala vizuri usiku.

Na hili la "utazoea" naomba uliache. Saa ya mwili husogea pole pole, takriban saa moja kwa siku. Kwa usiku miwili au mitatu haijafika popote, na ukirudi mchana unaivuta tena nyuma. Hata wanaofanya usiku mwaka mzima, wengi wao miili yao haigeuki kikamilifu, kwa sababu jua wanaliona na siku za mapumziko wanaishi na familia zao mchana. Wewe mwenye zamu za kuvizia usijaribu hata kidogo kuwa mtu wa usiku. Baki mtu wa mchana anayekopa usingizi mapema na kulipa vipande vipande.

Kukopa kunaanza siku yenyewe ya zamu. Hiyo saa 12 asubuhi unayoamkia, kama mume anaweza kuwaandaa watoto asubuhi hiyo, lala mpaka mwili utosheke. Kufua kusubiri. Saa 8 mchana funga pazia, weka simu mbali, lala saa moja na nusu. Saa moja na nusu naitaja makusudi: ni karibu mzunguko mmoja mzima wa usingizi, na ukiamka mwishoni mwake kichwa huwa chepesi kuliko ukikatishwa katikati. Usingizi usipokuja, baki umelala gizani tu, bila kuhesabu dakika. Chakula kamili kula jioni kabla ya kutoka. Usiku wa manane tumbo nalo linajua ni usiku. Mwili hushughulikia sukari vibaya zaidi saa hizo, na sahani nzito saa 8 usiku itakulemea kope. Kitu kidogo kinatosha.

Kahawa siikatazi. Nakataza namna unavyoinywa. Kafeini inaziba mahali ambapo adenosini hukaa. Uchovu haujaondoka, umezuiwa tu mlangoni. Na nusu ya kafeini uliyokunywa bado imo mwilini baada ya takriban saa 5. Kikombe cha saa 11 alfajiri, saa 4 asubuhi nusu yake ingali inakuamsha, kisha unashangaa kwa nini umelala saa mbili tu. Kunywa kidogo kidogo mwanzoni mwa zamu, na cha mwisho kiwe saa 8 usiku.

Tena hicho cha mwisho kifanye hivi. Kama msimamizi anaruhusu na kuna mwenzako wa kushika meza, kinywe, kisha papo hapo jilaze dakika 20 na kengele ukiwa umeiweka. Kafeini huchukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo unaamka nayo inaingia. NASA, shirika la anga la Marekani, waliwahi kuwapima marubani wa safari ndefu waliopewa nafasi ya kupumzika katikati ya safari kwa zamu. Walilala wastani wa dakika 26, na umakini wao baadaye ulikuwa bora wazi wazi kuliko wa wale ambao hawakulala. Usivuke nusu saa, maana ukizama kwenye usingizi mzito utaamka na mang'amung'amu. Na hata baada ya hizo dakika 20, usishike tyubu mpaka ipite robo saa nyingine.

Nije kwenye lebo zako. Kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri joto la mwili hushuka kuliko wakati wote, na umakini hushuka nalo. Ulipokosea ilikuwa saa 10 na kitu. Usijilaumu tena kwa hilo, lakini usilisahau pia. Saa hizo kazi zote ambazo kosa lake linamfikia mgonjwa zifanye kwa kuwekewa kizingiti: tyubu moja tu mezani, ya pili ibaki kwenye raki, soma jina kwa sauti, soma namba kwa sauti, gusa fomu kwa kidole, ndipo ubandike. Kama kuna mwenzako, mmoja asome na mwingine aangalie. Inaonekana kama mambo ya watoto, lakini sauti yako mwenyewe hukurudisha pale mkono ulipokuwa umekwenda peke yake. Kuandika orodha, kusafisha mashine, mahesabu ya vifaa, yote yanayoweza kufanywa saa 5 usiku yafanye saa 5 usiku. Washa taa zote unazoweza mpaka kama saa 9, na usikae muda mrefu bila kusimama. Na kosa lile, kama hukuliripoti, liripoti. Msimamizi akijua linatokea saa ngapi, ana cha kupanga upya.

Asubuhi ukirudi kama abiria, vaa miwani ya jua, maana mwanga wa asubuhi unaiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza. Ila siku utakayolazimika kushika usukani, miwani usiivae. Wakati huo unauhitaji mwanga wote. Nyumbani kula kidogo usilale na njaa, oga maji ya uvuguvugu, na uingie kitandani kabla kazi za nyumba hazijakuita. Dirisha lizibwe kwa kitambaa kizito, au ufunge macho kwa kitambaa. Simu iwe kimya, ibaki namba moja tu inayoweza kulia, ya shule ya watoto.

Kama usiku mwingine unafuata, lala saa 3 asubuhi mpaka saa 9 au zaidi, kadiri mwili utakavyokupa. Usingizi wa mchana kwa kawaida ni mfupi kuliko wa usiku, kwa hiyo saa mbili au tatu kupungua si ugonjwa. Ukiamka mapema na huwezi kurudi, inuka, kisha jilaze tena kidogo alasiri.

Baada ya usiku wa mwisho mambo yanageuka, na hapa ndipo unapojiharibia. Lala saa 3 asubuhi, weka kengele saa 6 mchana, na uamke. Najua ni mateso. Utaamka kichwa kizito, utanichukia. Toka nje upate jua, tembea, usiendeshe gari hata mchana huo, usifanye uamuzi wowote mkubwa, usigombane na mtu. Saa 3 au saa 4 usiku uchovu utakuwa umejaa na saa ya mwili bado iko pale pale ilipokuwa, basi mtalala pamoja na nyumba nzima. Ukilala mpaka saa 11 jioni unakuwa umeshautumia usingizi wa usiku huo.

Mume wako mweleze kwa saa yetu ya Kiswahili, maana imeshakufanyia kazi. Saa 4 asubuhi na saa 4 usiku ni namba ileile. Mwambie: "Mume wangu, siku nikitoka zamu, saa 4 yangu ya usiku ni hii ya mchana. Ukiniamsha saa 6, ni kama mimi nikuamshe saa 6 usiku nikuulize kama unaumwa." Mtu mwema ataelewa. Tena mpe kazi: yeye ndiye mlinzi wa mlango wako siku hizo. Mama mkwe azungumze naye mwanawe, si wewe. Na wewe upande wako, ukishaamka mpigie simu umsalimie, siku hiyo hiyo, asihesabu kwamba amefungiwa nyumba.

Vidonge vya mwenzako mrudishie. Sijui ni vya aina gani, na wewe hujaniandikia kwamba unajua. Dawa nyingi za usingizi, pamoja na zile za mzio zinazolevya, hubaki mwilini saa nyingi. Ukivinywa saa 3 asubuhi unaweza kuingia zamu saa 3 usiku ukiwa bado umo ndani yake. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku, huwasaidia baadhi ya watu kidogo kusogeza muda wa kulala, lakini muulize daktari kwanza, si mwenzako. Pombe ya kujilazia asubuhi usiiguse. Inakulaza haraka na kukuamsha katikati.

Kuhusu saratani, ulichosikia si uzushi. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, mwaka 2007 iliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo pengine husababisha saratani, na mwaka 2019 ikaiweka tena hapo kazi ya zamu za usiku. Lakini wasiwasi huo unatokana hasa na watu waliofanya usiku mara kwa mara kwa miaka mingi. Usiku mitatu kwa mwezi si sababu ya kukosa usingizi kwa hofu, juu ya ule uliokwisha kuukosa.

Wa kumwona daktari mapema ni mjamzito, mwenye kisukari anayejidunga insulini, mwenye kifafa, na aliyewahi kuugua bipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, maana kukesha kunaweza kuamsha kifafa, na kwa mwenye bipola kunaweza kuwasha kipindi cha hisia kupanda kupita kiasi. Ukiwa mmoja wao, omba uondolewe usiku. Vilevile ukiona wiki mbili zimepita tangu zamu na bado hulali, au moyo umezama, nenda. Mkataba Na. 171 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990 unampa mfanyakazi wa usiku haki ya kuomba kupimwa afya bila malipo na kupewa ushauri. Uliza kama nchi yako imeuridhia na kama unakuhusu wewe mwenye zamu za hapa na pale. Hata kama haukuhusu, ombi lenyewe halina kosa.

Jambo la mwisho ni la msimamizi wako. Hukuandika unaarifiwa siku ngapi kabla. Wengi wenye zamu za dharura hupigiwa simu siku ileile, wengine wakiwa wametoka kufanya mchana mzima. Kama ndivyo ilivyo kwako, hakuna ushauri wangu utakaokusaidia, kwa sababu muda wa kukopa usingizi haupo. Mwombe siku mbili. Usimwambie unachoka, kila mtu anachoka. Mwambie habari ya zile tyubu mbili, saa uliyokosea, na saa ulizokuwa umekaa macho. Andika kwenye karatasi kabla hujaingia ofisini kwake, ili machozi yakija namba ziwe zimeshaandikwa.

Na kabla ya zamu yako ijayo, leo hii kama inawezekana, panga nani atakurudisha nyumbani asubuhi. Hilo moja likamilishe hata kama mengine yote yatasubiri, kisha niandikie uniambie umepanga na nani.

*Mama Mshauri*